MAJI MEUPE SI LAZIMA YAWE SAFI



Sisi tukaao Kambi Muru na vijiji vingine vya Kibera tumezoea kupima maji kwa macho. Yakiwa meupe twanunua; yakiwa na matope twakwenda tangi la pili. Lakini vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho.

Watu wa London walijifunza jambo hili kwa msiba. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha ya kuwa watu wa mtaa wa Soho walikuwa wakifa kwa kipindupindu kwa sababu ya maji ya pampu moja. Mjane mmoja aliyekwisha kuhama mtaa ule aliyapenda sana maji hayo hata akawa akiletewa nyumbani kwake. Naye alikufa.

Siku hizi kipimo kipo. Mwaka 1885 Mjerumani Theodor Escherich alieleza habari za kijidudu alichokiona katika choo cha watoto wachanga. Leo chaitwa E. koli. Makao yake ni matumbo ya watu na ya wanyama wenye damu moto, na aina zake nyingi hazimdhuru mtu. Basi kwa nini wataalamu wakitafute? Kwa sababu kikionekana majini, ni ushahidi kwamba choo kimeingia, tena si zamani. Na pale choo kinapopita, ugonjwa wa mtu mmoja waweza kupita pia. Sisi wa reli twaelewa: bendera nyekundu siyo ajali, lakini dereva asiyeijali ataikuta ajali mbele.

Kazi yenyewe si ya uchawi. Mililita 100 za maji huchujwa, kichujio huwekwa juu ya chakula cha vijidudu, kikatunzwa katika joto la nyuzi 44 kwa muda wa siku moja hivi. Kisha madoa yaliyoota huhesabiwa. Shirika la Afya Duniani lasema maji ya kunywa yasionekane na E. koli hata mmoja katika mililita 100.

Wako wenzetu wasemao: “Ya nini kupima? Sote twajua maji yetu ni mabaya.” Hatukubaliani nao. Mipira ya plastiki ya Kibera mingi hupita ndani ya mitaro ya maji machafu, na maji huja kwa mgawo. Nguvu ya maji ikipungua, uchafu hufyonzwa ndani penye ufa. Sasa pimeni mahali patatu: kwenye bomba kubwa, kwenye tangi la muuzaji, na kwenye jerikeni nyumbani. Bendera ikiwa nyekundu tangu bomba kubwa, kampuni ya maji ijibu. Ikianza kwenye tangi, mwenye mpira na tangi ajibu. Ikianza kwenye jerikeni, tusafishe vyombo na mikono yetu. Bila hesabu, kila mmoja atamsukumia mwenzake lawama, na mwenye kuhara ndiye atakayepoteza kibarua cha siku.

Wala hatuombi sadaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 32, yamtaka tajiri awape wafanya kazi wake maji mazuri ya kutosha mahali pa kazi. Lakini haki isiyopimwa ni rahisi kukanushwa. Kwa hiyo twataka maji yapimwe mara kwa mara, na hesabu ibandikwe kwa Kiswahili penye tangi na penye ubao wa matangazo wa kila kazi.

Tusidanganyike pia. Kipimo kizuri cha leo si hati ya mwezi mzima, na viko vijidudu vingine vinavyostahimili klorini kuliko E. koli. Basi tuendelee kuchemsha maji, ingawa makaa ni ghali. Ila kuchemsha kwetu kusiwe kisingizio cha wanaopaswa kuziba nyufa.

Katika mkutano ujao wa tawi, kila mjumbe na aulize maswali mawili: maji ya kazini kwetu yalipimwa lini, na hesabu ilikuwa ngapi? Asiyepewa jibu alete habari kwa Chama.