Mhakiki Asikize Kabla ya Kuhukumu

Kazi ya mhakiki ni kama kazi ya kadhi: husikiza kwanza, kisha huhukumu. Lakini wengi waandikao juu ya muziki mpya huanza na hukumu, masikio yakaja nyuma. Hasara yake yaonekana wazi katika kisa cha John Coltrane, mpigaji saksafoni wa Marekani.

Yafaa kwanza nifafanue neno. Huku kwetu jina la jazi lilipewa bendi za dansi za magitaa, kama Jamhuri Jazz ya Tanga. Jazi ya Coltrane ni nyingine. Ni watu wanne au watano, bila mwimbaji. Kiongozi huushika wimbo kwa saksafoni, kisha huuacha akatunga papo hapo, kama fundi wa udi apigavyo taksimu. Mpiga piano wake, McCoy Tyner, alisilimu akiwa kijana akachukua jina la Sulieman Saud.

Mwaka 1961 Coltrane alimwongeza Eric Dolphy katika kikundi chake. Novemba mwaka huo John Tynan, mhakiki wa gazeti la DownBeat, aliandika kwamba muziki wao ni kinyume cha jazi. Aprili 1962 wawili hao walijibu katika gazeti hilo hilo. Coltrane hakutukana mtu. Alichotaka ni mhakiki alielewe vyema jambo kabla ya kuliandikia. Mwezi huo huo DownBeat liliwapa wahakiki wawili, Pete Welding na Ira Gitler, santuri yake mpya iliyorekodiwa katika klabu ya Village Vanguard, mjini New York. Upande mzima wa santuri ile ni kipande kimoja cha dakika 16 hivi, na Gitler hakupendezwa nacho.

Sisemi mhakiki asifu kila kitu. Aliyechoshwa na dakika 16 ana haki ya kusema amechoshwa. Lakini kusema kitu kimekuchosha ni jambo moja, na kukitoa katika ukoo wake ni jambo jingine. Sisi Waislamu twaujua uzito wa kumtoa mtu katika kundi, na yafaa tuwe wa mwisho kulifanya hilo kwa wepesi.

Tena kalamu hugusa riziki. Mwaka 1964 Dolphy aliamua kubaki Ulaya, akieleza kuwa huko ndiko apatako kazi ya kupiga muziki wake mwenyewe. Juni mwaka huo alifariki Berlin, umri wake miaka 36. Siwezi kusema makala moja ndiyo iliyomfukuza kwao, ila maneno ya aina ile hayamsaidii mtu kuajiriwa.

Mwaka 2023 ikatolewa sahani nyingine ya kikundi hicho, iliyorekodiwa Agosti 1961 katika klabu ya Village Gate, na kanda zake zikapatikana katika maktaba ya umma ya New York. Safari hii wahakiki waliipokea kwa shangwe. Wapigaji ni wale wale na mwaka ni ule ule. Kilichobadilika ni masikio tu, baada ya miaka 62.

Najua wako masheikh wasioukubali muziki kabisa, nami sibishani nao hapa. Nasema na wale wausikizao na kuuhukumu. Kila chombo kigeni kilipoingia katika taarab, palikuwa na wa kulia kwamba taarab imekufa, na kesho yake wakaonekana arusini wakitunza. Wahenga walisema, jambo usilolijua ni usiku wa giza. Basi kijana atakapoleta santuri yake, isikizeni mpaka mwisho, tena mara ya pili. Kisha mkiona haifai, semeni haifai, na mtaje kwa nini.