MWENYE KULIPIA STIMA AELEZWE, NAYE ASIKILIZWE

Ndugu Wanachama,

Reli haifiki Meru. Njia iliyo karibu yaishia Nanyuki. Lakini wengi wetu tuna nyumba Kinoru, na fedha za stima zatoka katika mshahara ule ule tunaoupigania kila mwaka. Kwa hiyo mara hii twaandika habari za stima, na hasa namna mashirika ya umeme yanavyosema na watu wao.

Siku hizi wako washauri ambao kazi yao ni kuyafundisha mashirika hayo jinsi ya kuongea na watumiaji. Kazi hiyo imekua sana Marekani, nayo ina sababu. Mwaka 1935 Rais Roosevelt alianzisha idara ya kupeleka umeme mashambani, kwa kuwa makampuni hayakuona faida ya kuvuta nyaya hadi kwa wakulima. Wakulima wakakopa fedha za serikali, wakaunda vyama vya ushirika. Katika chama cha namna hiyo kila mwenye stima nyumbani ni mwanachama mwenye kura moja. Halmashauri ikimficha mambo, yeye aweza kuiondoa kwa kura yake. Basi halmashauri ina haja ya kujifunza kusema vizuri!

Hata kwetu jambo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kijiji cha Mbuiru, wilaya iliyoitwa Meru Kusini, wenyeji kama 200 walinunua hisa na kutoa nguvu za mikono yao, wakapata mtambo wa kilowati 18 katika mto Tungu. Mwenye mali hana haja ya kubembelezwa. Ataka hesabu tu.

Sisi wa Kinoru hatumo katika ushirika. Twanunua kwa Kenya Power, ambayo serikali ina hisa 50.1 katika kila 100. Kura ya hisa hizo hatuipigi sisi. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa kila mnunuzi haki ya kupata habari zimpasazo ili afaidi anachokinunua. Na kifungu cha 7 chasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi.

Tazameni sasa. Kampuni ikitaka kukata stima ili kutengeneza nyaya, hutoa tangazo kwa Kanuni ya 27, lenye siku, saa na majina ya mahali. Hilo ni jema, nasi twalisifu. Lakini tangazo hilo huandikwa kwa Kiingereza katika gazeti na katika intaneti. Mwenye kinu cha posho, kinyozi, na mama auzaye maziwa watalijuaje? Reli yetu ina ubao stesheni, na treni ikichelewa abiria huambiwa papo hapo. Tangazo libandikwe sokoni na kwa chifu, kwa Kiswahili na Kimeru.

Tena ukinunua tokeni, ujumbe hukuonyesha fedha zilizokwenda kwa umeme na fedha za malipo mengine. Ndani ya hayo mengine mna kodi ya asilimia 16, gharama ya mafuta, mabadiliko ya fedha za kigeni, na ushuru wa umeme wa vijijini. Mtu asiyeelezwa husema ameibiwa, na wala hatuwezi kumlaumu.

Naye atukanwaye ni nani? Si mkubwa wa ofisini. Ni fundi apandaye nguzo katika mvua, na karani wa dirishani. Twalijua jambo hili sisi watu wa reli, maana treni ikichelewa ni mkata tiketi anayepokea matusi. Ofisi ikinyamaza, mfanya kazi wa chini ndiye hulipa. Kwa hiyo kumweleza mteja ni kumlinda mfanya kazi pia.

Hatuwakatai washauri. Ila twasema, kabla ya kumlipa mtu wa mbali, kampuni na iwaulize kwanza mafundi wake na wateja wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na ushauri wa kupamba maneno tu, bila kusikiliza, ni rangi juu ya mbao zilizooza.

Nasi tuna wajibu. Kabla ya bei mpya za Aprili 2023, EPRA iliita mikutano ya wananchi. Mikutano kama hiyo ikiitwa tena, Ndugu, msiwaachie wenye viwanda peke yao. Wekeni jumbe za tokeni, andikeni siku na saa stima ilipokatika, mje na karatasi hizo mkononi. Malalamiko ya baa hayana nguvu, bali hesabu iliyoandikwa haipuuzwi kwa urahisi.

Umoja ni nguvu.