Tupime Maji Kabla Hayajanuka

Wananchi wenzangu mnaoishi kandokando ya bomba la mafuta, kuanzia Maungu, Mtito Andei na Makindu hadi Sultan Hamud, pamoja nanyi wa mijini mnaochota maji ya visima jirani na vituo vya petroli: tuchange pesa, tupeleke maji na udongo wetu maabara mwaka huu, hata kama hakuna aliyenusa chochote.

Nasema hivi kwa sababu ya Thange. Mei 2015, mafuta kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, yalionekana katika bonde la Mto Thange, kaunti ya Makueni, ambako watu walikunywa, walinywesha mifugo na kumwagilia mashamba. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 3 mwaka 2025. Hesabuni wenyewe hiyo miaka. Na katika kesi za namna hii swali halikosi kuulizwa: maji haya yalikuwaje kabla mafuta hayajamwagika? Mwenye karatasi ya maabara ya mwaka uliotangulia hujibu kwa sentensi moja.

Tumezoea kuamini pua. Petroli ikizama ardhini huelea juu ya maji ya chini, lakini sehemu yake huyeyuka ndani ya maji na kusafiri nayo. Hatari kubwa hapo ni benzeni, inayosababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Benzeni ikiwa peke yake majini, pua haiitambui mpaka ipite kikomo hicho zaidi ya mara mia. Dawa ya kutibu maji haiiondoi. Ukiyachemsha, unaihamishia hewani, jikoni mlimo na watoto.

Sasa, msikubali kupimiwa ovyo. Kipimo cha kawaida cha kisima hutafuta vijidudu, chumvi na floridi. Mafuta hakiyaoni kabisa. Iambieni maabara waziwazi kwamba mnataka benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni, pamoja na jumla ya haidrokaboni za mafuta. Msibebe maji kwa chupa ya soda. Ombeni maabara iwape chupa zake ndogo za kioo, zijazwe mpaka pomoni pasibaki hata povu moja la hewa, ziwekwe kwenye barafu na zifike haraka, kwa maana benzeni ni mvuke mtoro. Udongo wa juu tu hautoshi, jua huwa limekwisha kuufukuza ushahidi, chimbeni. Chukueni pia sampuli ya mahali palipo mbali na bomba, ya kulinganishia. Kila chupa iandikwe tarehe, saa, mahali na jina la aliyeichota, na kila anayeipokea atie sahihi. Bila hayo, wakili wa upande wa pili ataicheka.

Gharama ni kubwa kwa nyumba moja, sikatai. Ndiyo maana nasema tuchange: kikundi cha maji, chama cha akina mama, kanisa na msikiti, kila kisima kikiwa na mwakilishi wake.

Sheria iko nasi. Ibara ya 42 ya Katiba inatupa haki ya mazingira safi, na ya 70 inaturuhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba tumekwisha kudhurika. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi, na saa 48 ikiwa habari inahusu uhai wa mtu. Basi katika baraza lijalo la chifu, kabla ya kujadili lolote, tuandike barua moja ya kuomba matokeo yote ya vipimo vya maji na udongo vilivyowahi kufanywa katika lokesheni yetu, tuitie sahihi sote, na hapo hapo tuchague mweka hazina wa mchango.