Umeme tunao, soketi je?

Wadau, wiki iliyopita nimeitishiwa kikao. Ndiyo, kikao! Wapangaji wote sita wa nyumba yetu hapa Tabata, saa mbili usiku, kwenye benchi la koridoni, ajenda moja tu: baiskeli yangu.

"Mwanangu," mama mwenye nyumba akafungua kikao, "mimi sina ugomvi na wewe. Ila hilo dude lako linakula umeme wa watu."

"Kweli mama," akadakia kaka wa chumba cha mbele. "Tangu dada alete hicho kitu, LUKU haikai."

Hukumu ikatoka palepale. Kila chumba huchangia elfu kumi ya umeme kwa mwezi. Mimi niongeze elfu thelathini juu yake, au baiskeli itafute pa kulala.

Sikujibu. Mama huyu amenilea kama mwanawe tangu nihamie, na mkubwa habishiwi mbele za watu. Lakini hapa koridoni kwangu, ninyi na mimi tu, nitajibu. Na nitajibu kwa hesabu, maana hasira peke yake hailipi LUKU.

Baiskeli yangu ina betri ya lithiamu, volti 48, saa-ampea 15. Zidisha, unapata wati-saa 720, yaani haifiki hata uniti moja. Chaja nayo hupoteza kidogo kwa joto, kwa hiyo tuseme kujaza betri iliyokwisha kabisa kunakula uniti 0.85. Uniti moja mimi naipata kwa kama shilingi 356, kodi zote zikiwa ndani. Kujaza betri nzima, basi, ni shilingi 300. Bei ya maandazi machache.

Kwa hiyo shilingi 300 natembea kilomita kama 50, nikikanyaga pedali kidogo kwenye vilima. Kutoka Tabata hadi kazini Mikocheni ni kilomita 12 na ushee, kwa hiyo nachaji kila baada ya siku mbili. Mara 15 kwa mwezi. Uniti 13 hivi. Shilingi 4,500 na kidogo.

Nimeambiwa nilipe 30,000.

Haya, tuendelee. Chaja yangu huvuta wati kama 130. Pasi ya kaka wa chumba cha mbele, yule anayesema LUKU haikai, inavuta wati 1,000 na anapiga pasi kila asubuhi huku akisikiliza magazeti yanasomwa redioni. Birika la umeme la dada wa uani huvuta wati 1,500 na kuendelea. Na pale sebuleni kwa mama kuna friza. Friza hilo linagandisha barafu na juisi ya ukwaju za kuuza kwa watoto wa shule, linanguruma usiku na mchana, na linanguruma kwa LUKU yetu sote. Kuna mtu aliwahi kuliitishia kikao friza? Hakuna. Friza tumelizoea. Pasi tumeizoea. Kigeni ndicho kinachoshtakiwa.

Msinielewe vibaya. Simwiti mama mchoyo. Nitakwenda mbali zaidi: katika kikao kile alisema jambo moja la maana kuliko yote niliyosema mimi, na alilisema mwishoni, wakati watu wameshaanza kuinuka. "Nasikia hizo betri zinalipuka. Nyumba hii marehemu baba yenu aliijenga tofali kwa tofali. Ikiungua, mimi naenda wapi?"

Hapo nilinyamaza kwa sababu nyingine. Mama ana haki. Mwaka 2023 watu 18 walikufa jijini New York kwa mioto iliyoanzishwa na betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za umeme. Jiji lile likapitisha sheria, ikaanza kazi Septemba mwaka huohuo: huruhusiwi kuuza baiskeli ya umeme ambayo betri yake haikupimwa na kuthibitishwa usalama wake. Betri ya lithiamu iliyotengenezwa vizuri ina saketi ndani yake inayokata umeme seli zikijaa au zikipata joto. Betri ya kuunga-unga, seli zilizotolewa kwenye laptopu zilizokufa zikafungwa kwa gundi, mara nyingi haina. Na chaja isiyo yake inaweza kuisukuma betri hadi ichemke.

Sasa niambieni. Mimi nilinunua yangu kwa pesa ya mchezo, milioni moja na laki tatu, kwenye duka lisilo hata na kibao. Muuzaji aliniambia, "Dada, hii orijino." Orijino ya wapi? Nilipouliza karatasi ya kipimo alinitazama kama nimemwomba cheti cha ndoa. Nimeifungua mwenyewe kwa fundi, tukaikagua, ina saketi yake. Lakini ni wangapi watafanya hivyo? Na kwa nini kazi ya ukaguzi wa nchi nzima iwe ya mimi na fundi wangu?

Hili ndilo linaloniudhi, ndugu zangu. Ninyi mnaofuatilia habari mnajua, haipiti miezi bila kongamano la nishati safi kwenye hoteli fulani yenye kiyoyozi. Nimeripoti ya kutosha. Waheshimiwa hupiga picha wamepanda pikipiki ya umeme, tabasamu mpaka masikioni, kisha wanaondoka kwa mashangingi ya dizeli. Tunaambiwa umeme upo. Ni kweli, upo! Mwaka 2025 mitambo yote 9 ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ilikamilika, megawati 2,115. Hoja ya kwamba Tanzania haina umeme wa kuchajia baiskeli imezikwa pale Rufiji, na mimi nimeitupia udongo.

Lakini umeme hauishii Rufiji. Unaishia kwenye soketi. Na katika jiji la wapangaji, soketi ina mwenyewe.

Hebu jiulize: nani katika Dar es Salaam ana mita yake peke yake, ukuta wake mwenyewe, na sehemu ya kuegesha chombo yenye umeme? Mwenye nyumba. Mwenye geti. Yule ambaye tayari ana gari. Chombo hiki kingemfaa zaidi mtu wa chumba kimoja: karani, muuguzi wa zamu, mwalimu, mwandishi wa kulipwa kwa stori kama mimi. Mtu huyohuyo anaishi kwenye LUKU ya kuchangia, ambako kila uniti ni siasa. Tena tangu 2021 hata kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo tunaochangia LUKU tunachangia na kodi ya nyumba isiyo yetu. Hiyo hakuna aliyeiitishia kikao.

Mtasema, si uchaji kazini? Nilijaribu. Katika ofisi mojawapo ninayoandikia niliomba soketi moja ya pale kwa mlinzi. Nikajibiwa kuwa mali binafsi haichajiwi kwa umeme wa kampuni. Aliyenijibu alikuwa anachaji simu zake mbili, na kiyoyozi kilikuwa kinapuliza dirisha likiwa wazi. Nikamuuliza, kwa adabu kabisa, kiyoyozi hicho kinampoza nani, Mikocheni nzima? Swali hilo halikuisaidia kesi yangu.

Na barabarani nako kuna kesi nyingine. Hiki chombo ni nini? Umoja wa Ulaya walishaamua zamani: mota ya wati 250, inayosaidia tu unapokanyaga pedali na kuacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa, hiyo ni baiskeli, basi. Siku moja askari mmoja alinisimamisha. "Dada, bima iko wapi? Leseni?" Nikamwambia afande, hii ni baiskeli. "Mbona haukanyagi?" Nikakanyaga. "Mbona inakwenda yenyewe?" Tulibishana pale juani mpaka wenye bodaboda wakatuzunguka wakicheka. Mwisho aliniachia kwa sababu hata yeye hakujua aandike nini. Siku hiyo nilifurahi. Baadaye nikaona si jambo la kufurahia. Ukigongwa na chombo kisicho na jina, nani anakulipa?

Maana kugongwa kupo. Napita Barabara ya Mandela, natokea Ubungo chini ya madaraja ya Kijazi, nakamata Sam Nujoma hadi Mwenge. Njia ya baiskeli ikitokea, imejaa mitumba, matikiti na bodaboda zinazokimbia foleni. Sisemi machinga afukuzwe, naye anatafuta riziki. Nasema tu kwamba ukijenga njia kisha ukaiacha bila mlinzi, umejenga soko. Na chombo changu hakina mlio, watu wanavuka bila kunisikia. Nimefunga kengele mbili. Bado napiga kelele "jamani njia!" kama muuza maji.

Lakini pamoja na hayo yote, jamani, asubuhi ile napokea upepo wa Sam Nujoma huku daladala zimesimama kama zimepigwa msumari... nisiwadanganye, sirudi nyuma. Mwaka 2023 ulipokuwa unaisha nauli ya chini ya daladala ilipandishwa hadi shilingi 600. Mimi nahitaji magari mawili kwenda na mawili kurudi. Kwa siku moja ya nauli hiyo, shilingi 2,400, najaza betri mara nane. Hesabu nyingine mnataka?

Kuna watakaonijibu: suala la soketi limeshatatuliwa, unabadilisha betri kituoni. Kweli, Kigali wamefanya hivyo kwa miaka, dereva anaacha betri tupu anachukua iliyojaa, dakika chache yuko barabarani. Na serikali yao ikaamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Kwa bodaboda anayetembea kutwa, mfumo huo ni mzuri na nauunga mkono. Ila tuukubali macho yakiwa wazi. Katika mfumo huo pikipiki ni yako, betri si yako. Na pikipiki ya umeme bila betri ni chuma cha kuanikia nguo. Kijana wetu wa bodaboda amezoea kumpelekea bosi hesabu kila jioni mpaka mkataba uishe. Mkataba wa betri unaisha lini? Siku mwenye betri akipandisha bei, utaenda kubadilisha wapi, kama betri ya huyu haiingii kwenye pikipiki ya yule? Kabla hatujapiga makofi, tuulize nani ameshika swichi.

Majirani wengine nao wanaamka. Kenya mwaka 2023 waliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo hivi, na muda ambao watu wamelala bei ikawa nusu. Ethiopia mwaka 2024 wakazuia kuingiza magari ya petroli ya binafsi. Unaweza kubishana nao, lakini wameamua kitu. Kwetu kinachoamuliwa ni rangi ya mabango ya kongamano lijalo.

Basi sitaki kumaliza kwa kulalamika tu. Madai yangu ni haya, na si makubwa.

Kwa wenye nyumba: fungeni mita ndogo kwa kila chumba. Si ghali, fundi yeyote wa umeme anaifunga, na vikao vya koridoni vitakufa siku hiyohiyo. Kila mtu alipe anachokula, friza likiwemo.

Kwa waajiri: soketi moja kwenye maegesho, yenye mita yake. Tutalipa. Hatuombi sadaka.

Kwa Shirika la Viwango na wanaosimamia bandari: betri isiyo na cheti cha usalama isiuzwe. Msisubiri watu 18 wa kwetu. Mkisubiri, moto wa kwanza ukitokea mtatufungia wote, walio na betri nzuri na walio na bomu.

Kwa watunga sheria: kipeni chombo hiki jina. Baiskeli au pikipiki, kwa wati na kwa mwendo, ili askari ajue aandike nini na mimi nijue nilipe nini.

Na kwetu sisi tunaoendesha: usichajie kitandani wala mlangoni pa kutokea. Usilale chaja ikiwa inafanya kazi. Usitumie chaja ya kuazima. Tukichoma nyumba ya mama mmoja tu, hoja yote hii imeungua nayo.

Mmeuliza kikao kiliishaje? Juzi nimenunua mita ndogo kwa pesa yangu, nikamwita fundi, tukaifunga kwenye soketi ninayochajia. Nachajia uani sasa, kwenye sakafu ya saruji, jioni, nikiwa macho. Nimemwonyesha mama namna ya kuisoma. Kila asubuhi anavaa miwani yake, anainama, anasoma namba, anaiandika kwenye daftari la barafu. Jana usiku aliniita.

"Mwanangu, hii ni siku nne?"

"Ndiyo mama."

"Uniti moja na nusu tu?"

"Ndiyo mama."

Akakaa kimya. Friza likawa linanguruma. Akaligeukia, akalitazama kwa muda.

Elfu thelathini bado hajaifuta. Lakini kikao kijacho najua ajenda yake.

Naomba kuwasilisha.