Njia ya Kupanda Kutoka Uvira

Simulizi za safari za milimani hueleza kwa makini safari ya nchi kavu ya kwenda Lhasa, mji wa Wabudha wa Tibet ulio karibu mita 3,650 juu ya usawa wa bahari, ila zingekamilika zaidi kama zingegusa pia milima ya Mitumba, yaani ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa unaoinuka nyuma ya Uvira, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Kongo. Uso wa ziwa hilo uko kwenye mita 770 hivi, ilhali kilele cha Mohi, katika safu ya Itombwe, kinapita mita 3,400. Hivyo anayetoka ufukweni kuelekea Bijombo au Minembwe, kwenye eneo liitwalo Nyanda za Juu, huacha joto la bonde la Ruzizi na kuingia penye baridi, ukungu na malisho ya ng'ombe, na sehemu kubwa ya njia hiyo hupandwa kwa miguu. Chumvi, sabuni na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, hubebwa mgongoni, na mgonjwa huteremshwa kwa kipoyi, yaani machela ya miti inayochukuliwa mabegani. Mwaka 2006 reli ilifika Lhasa. Mwaka huohuo Itombwe ilitangazwa kuwa hifadhi ya asili, lakini wakazi wake, ambao vita huwafungia njia mara kwa mara, bado wanangoja barabara. Uzuri wa milima hausifiwi kwa haki pasipo kudai amani na njia kwa wanaoishi humo.