Mpeni Ufunguo Wake

Leo twaandika neno lisilopendeza, na twajua kwamba wengine watakasirika. Wakasirike. Ni juu ya wale watu wazima wa nyumbani mwetu, wake kwa waume, ambao akili yao ni nzito tangu utotoni. Kusoma kuliwashinda, hesabu huwachanganya, na maneno huwatoka polepole. Ninyi mnawaita majina ambayo hatutayaandika hapa. Hao si wenye wazimu. Wazimu ni ugonjwa mwingine, humpata hata mtu aliyekuwa mwalimu. Hawa walizaliwa hivyo, au walipigwa na homa kali wakiwa wachanga. Nao wamekua, wameota ndevu na mvi, na bado katika nyumba nyingi wanaitwa "mtoto".

Sisi makatekista wa vilima vya Masisi na wa msitu wa Walikale twaingia nyumba nyingi, na twaona. Twamfahamu mmoja, mtu wa miaka arobaini na zaidi. Hatutaji jina wala kijiji. Mama yake alipokufa, ndugu zake waligawana shamba siku ya kuondoa matanga, naye amekaa pale pale akila maharagwe. Hakuna aliyemwuliza neno. Nyumba ya mama ikapewa kijana aliyetaka kuoa, na yeye akapelekwa jikoni, alale pamoja na mbuzi. Tangu hapo huchota maji ya nyumba nne, hupasua kuni, husukuma chukudu yenye viazi mpaka barabarani, na mshahara wake ni sahani ya bugali jioni. Mwulizeni mkubwa wake sababu, atajibu bila haya: "Si ninamlisha?" Ndiyo, bwana, na mbuzi pia unawalisha.

Kwa wanawake ni vibaya zaidi. Yule dada asiyejua kuhesabu franka huonekana siku moja ana mimba. Wazee huketi, mbuzi mmoja hutolewa, maneno yamekwisha. Je, angekuwa binti yenu anayesoma sekondari, mngemaliza kwa mbuzi mmoja?

Tukiuliza, twajibiwa kwanza kwamba ni laana, ati ukoo ulirogwa. Basi sikilizeni. Hapa karibu, katika ziwa Kivu, kuna kisiwa cha Idjwi. Katika miaka ya 1960 waganga waliwapima watu wa huko, wakakuta rovu shingoni mwa wengi, hasa upande wa kaskazini, na pamoja nalo watu waliozaliwa na akili nzito. Mchawi hakuonekana. Kilichoonekana ni kwamba chakula na maji ya huko vilipungukiwa na iodini, na tena mihogo isiyotayarishwa vizuri ilizidisha ubaya. Mama mja mzito akipungukiwa na iodini, ubongo wa mtoto haukui sawasawa. Ndiyo maana huwekwa katika chumvi. Wengine waliumia kwa kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, wengine kwa malaria iliyopanda ubongoni, wengine kwa ugonjwa wa utando wa ubongo. Haya yote yana majina, na hakuna hata moja linaloitwa shangazi.

Kisha husemwa: "Hawezi kuwa na mali, hana akili." Nani alikata neno hilo? Kitabu cha sheria za jamaa cha nchi yetu, cha mwaka 1987, kinasema kwamba mtu mzima mwenye akili dhaifu aweza kuwekewa msaidizi wa kusimamia mambo yake, na anayemweka ni mahakama. Si mkubwa wake, si baba mdogo, wala si baraza la watu watano baada ya kunywa kasiksi. Tena nchi yetu ilijiunga mwaka 2015 na mapatano ya mataifa juu ya watu wenye ulemavu, yanayosema kwamba hao nao wana haki ya kuchagua mahali pa kukaa na watu wa kukaa nao, kama wengine. Na tarehe 3 Mei 2022 ikatoa sheria yake yenyewe ya kuwalinda. Twajua sana kwamba kutoka vijijini mwetu mpaka mahakamani ni mbali. Lakini umbali wa mahakama haukumfanya mkubwa wake kuwa hakimu.

Wengine, wenye moyo mzuri kidogo, hutuambia: "Masista wajenge kituo, tuwapeleke huko." Kwa yule asiye na mtu hata mmoja, kituo ni rehema, na masista tunawashukuru. Bali yule mtu wetu ana kilima chake, anajua kila chemchemi na kila jina la ng'ombe. Kumpeleka kituoni ili shamba lake libaki na wengine ni kumfukuza kwa upole.

Na vita? Ndiyo, vita. Masisi-centre ilitekwa Januari 2025, Walikale-centre Machi mwaka ule ule, hata wapiganaji wakaondoka huko mwezi uliofuata. Tumekimbia mara ngapi? Lakini katika kukimbia tuliona godoro likibebwa na mtu akiachwa. Tena watu wanaporudi hupima mashamba upya, na asiyeweza kusema mbele ya baraza hupotea katika kipimo hicho. Kwa hiyo neno hili haliwezi kungoja amani.

Sisi nasi tuna kosa. Kanuni 777 ya Sheria za Kanisa yaagiza wenye ulemavu wa mwili au wa akili wafundishwe dini kadiri wawezavyo. Nasi tulimkalisha yule mtu miaka sita pamoja na watoto wa komunyo ya kwanza, magoti yake yakigusa kidevu, kwa kuwa hakuweza kurudia majibu. Padri alipomwuliza kanisani Yesu yuko wapi, alionyesha tabernakulo kwa kidole. Tuliona haya. (Habari ya ndoa yao ni ndefu, tunaiacha kwa siku nyingine.)

Basi shirika letu likaanza kazi. Tulikwenda kwa chefu mara tatu, na mara ya tatu kipande cha shamba kilirudi, si chote. Tukamjengea nyumba ya miti na udongo kwa siku mbili za salongo, karibu na mama mmoja mjane anayemwangalia moto usiku. Noti alijifunza kwa rangi na picha, kila Jumapili baada ya misa, miezi saba; sasa hauzi ndizi zake kabla hajaona noti ile anayoijua. Alidanganywa mara mbili sokoni. Na ninyi je, hamkudanganywa? Mwezi mmoja aliuza jembe, akanunua redio isiyolia. Tulikasirika, kisha tukakumbuka kwamba redio ni yake. Mjane akamwazima jembe mpaka mavuno.

Mlango una kufuli. Ufunguo anauvaa shingoni, pamoja na medali ya Bikira Maria, hata akienda kuoga mtoni hauvui. Mkubwa wake ameudai mara mbili, na Jumapili ijayo anakuja tena barazani, ati kuchukua "vitu vya mtoto". Wanaume wa shirika, tunawangojea huko baada ya misa ya kwanza.