2147483647 si nambari ya simu ya mtu!

Haya wasomaji wangu, leo nina hasira, mnivumilie.

Juzi sacco moja (siitaji) iliniita niangalie databesi yao. Wanachama hawapati ujumbe wa mikopo. Nikafungua jedwali na kukuta watu mia na kitu, wa vijiji mbalimbali, wote wana simu moja: 2147483647. Fundi wa kabla yangu alikuwa amewaambia eti mtandao unasumbua. Mtandao gani jamani?

Nambari yenyewe ina heshima zake. Chukua 2 thelathini na moja, zizidishe zote pamoja, toa 1. Ni nambari tasa. Leonhard Euler alilithibitisha hilo, na kikokotoo hakuwa nacho. Hakujaribu kila kitu hadi kipeuo cha pili, yaani 46340. Alionyesha kwamba kigawanyo chake chochote tasa, ukikigawanya kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Nyingine zote akatupa nje bila kuzigusa. Huyo ndiye mtu wa kazi!

Lakini kompyuta haijali utasa. INT ya biti 32 hutumia biti moja kutofautisha hasi na chanya, zinabaki 31, basi hapo ndio mwisho. Kikomo cha biti 16 ni 32767, nacho ni 7 × 31 × 151 tu.

Sasa ona. Simu ya 07 ukiiweka kwenye INT inaingia, ila sufuri ya mbele inapotea. Hakuna anayelalamika. Siku unapoongeza 254 inakuwa tarakimu 12, zaidi ya mara mia ya kikomo. MySQL kabla ya toleo 5.7 la mwaka 2015, kwa mipangilio yake ya kawaida, iliikata hadi kikomo, ikatoa onyo ambalo hakuna aliyelisoma, ikaendelea na kazi. Nambari ya kweli hairudi tena. Sacco iwapigie watu hawa kwa simu gani?

Mtaniambia tumia BIGINT. Hapana! Nani amewahi kujumlisha simu mbili? Simu ni maandishi, weka VARCHAR. Kitambulisho vilevile.

Pesa ndiyo idadi, na hapo pia wameniudhi: akiba inahesabiwa kwa senti ndani ya INT ileile. Inaishia Sh21,474,836.47. Mwaka 2014 hata YouTube ilibidi ipanue kihesabio chake kwa sababu ya Gangnam Style, lakini huo ulikuwa muziki, hii ni jasho la watu.

Tarehe je? Sekunde tangu 1970, INT tena. Zinajaa 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa za Nairobi. Mkopo wa miaka 15 ukitolewa leo unapita hapo.

Nimewaandikia yote haya. Wamejibu wakiuliza kama hiyo ya 2038 ni lazima wailipie sasa hivi.